Kizito wa raba aliyegoma kuuza sura

Msomaji wangu, mjini hapa matajiri ni wa aina mbili. Yuko anayepata mshiko kidogo akataka mji mzima ujue, na yuko anayepata mshiko mwingi akataka hata jirani asijue. Wa kwanza tunamfahamu wote, maana ndiye anayetununulia soda halafu anatutajia bei ya viatu alivyovaa. Leo nataka tumsengenye kidogo yule wa pili, tena nimemchukua wa kimataifa kabisa, bingwa wa kujificha. Ni bwana mmoja wa Uingereza anaitwa Mike Ashley.

Kama wewe ni mtu wa ligi ya Uingereza, na kijana gani wa mjini si mtu wa ligi ya Uingereza, jina hilo umelisikia. Ndiye aliyekuwa mwenye Newcastle United kwa miaka 14, mashabiki wakamchukia mpaka siku alipouza timu wakajazana nje ya uwanja wakiimba na kukumbatiana. Lakini kabla ya Newcastle jamaa alikuwa muuza raba. Raba, jezi, soksi, mipira, bukta, chochote cha michezo. Alitajirika vibaya sana kwa kazi hiyo, na kwa miaka 25 wasomaji wa magazeti ya kwao hawakuijua sura yake. Mahojiano hakuwa akitoa. Picha zake zilikuwa za kuhesabu.

Nimemchagua kwa sababu nina ugomvi mdogo na vijana wetu wa Kariakoo. Siku hizi kijana akianza kuuza jezi, kabla hajajua faida ya jezi moja ni shilingi ngapi, ameshapiga picha kaegemea gari la watu. Anaamini umaarufu ni bomba la maji: ukitaka unafungua, ukichoka unafunga. Sasa ngoja nikusimulie ya huyu aliyelifunga bomba tangu mwanzo, halafu utaniambia kama alifanikiwa kukaa mkavu.

Ashley alizaliwa mwaka 1964. Shule aliiacha akiwa na miaka 16. Mchezo wake ulikuwa skwoshi, ule wa kutwanga kimpira ukutani ndani ya chumba, na alikuwa mzuri mpaka alipoumia, akabaki kufundisha wenzake. Mwaka 1982, akiwa kijana wa miaka 18, alifungua duka la vifaa vya michezo katika mji wa Maidenhead, magharibi ya London, kwa mkopo wa wazazi wake. Hapo ndipo ilipoanza himaya ambayo baadaye ilikuja kuitwa Sports Direct.

Biashara yake haikuwa na mbwembwe. Wenzake walipamba maduka yao, taa huku, vioo kule. Yeye alijaza mzigo ukutani mpaka darini, akashusha bei, watu wakaingia kama soko la sabasaba. Ukitaka kuhudumiwa kama mfalme, hapo si kwako. Ukitaka raba ya bei poa, shika foleni.

Ujanja wa pili ndio uliomtoa hasa. Alinunua majina. Uingereza ilikuwa na chapa kongwe za michezo zilizoanza kuchoka: Lonsdale ya mabondia, Dunlop na Slazenger za tenisi, Karrimor ya wapanda milima, Kangol ya kofia. Ashley akazibeba moja baada ya nyingine, akabandika majina yale kwenye fulana na raba za bei nafuu, kisha akazipanga kando ya Nike na Adidas. Mama anaingia kumnunulia mtoto Nike, anageuza kile kikaratasi cha bei, anashtuka, mkono unamwangukia Slazenger. Na faida ya Slazenger yote inaingia mfuko mmoja, kwa sababu mwenye duka na mwenye jina ni mtu yule yule. Ukichambua mitumba pale Karume majina hayo si mageni kwako. Basi ujue nyuma yake kuna mtu na hesabu zake.

Sasa sikia mkasa wa jezi. Mwaka 2000 jezi za England na za Manchester United zilikuwa zikitengenezwa na Umbro, na Ashley, kwa ile tabia yake, alikuwa anazishusha bei. Wakubwa wa maduka mengine wakanuna. Wao walitaka jezi ya mtu mzima ikae kwenye pauni 39.99 kila duka, isishuke, mzazi alie tu. Umbro wakambana Ashley apandishe. Alipandisha, lakini akafanya na jambo ambalo kijiweni tungesema amewachomea utambi: alikwenda kuwataja serikalini. Mwaka 2003 ofisi iliyokuwa ikilinda ushindani wa biashara ikashusha faini za jumla ya pauni milioni 18.6, wakiwemo JJB Sports waliokuwa vigogo wa maduka ya michezo, Umbro, na Manchester United wenyewe. Ashley naye aliguswa, maana alikuwemo kwenye mpango, ila faini yake ilikuwa ndogo kwa vile alishirikiana na wapelelezi.

Hao JJB ndio waliokuwa wakimwona mtoto wa juzi. Mwaka 2012 wakafilisika, na aliyenunua jina lao pamoja na maduka 20 alikuwa huyo huyo mtoto wa juzi. Mpaka hapo, ukiniuliza mimi, shujaa wa mzazi mwenye watoto watatu wanaotaka jezi alikuwa Ashley. Lakini nani aliyejua? Hakujitangaza, na magazeti hayakuwa na sura ya kuweka kwenye habari hiyo.

Mwaka 2007 mambo yakageuka. Mwezi Februari aliipeleka Sports Direct kwenye soko la hisa la London, akauza sehemu ya hisa zake na kuweka kibindoni pauni milioni 929. Soma tena hiyo namba taratibu. Miezi michache baadaye akaichukua Newcastle United kwa kama pauni milioni 134. Na hapo, msomaji wangu, ndipo mtu aliyekwepa kamera kwa miaka 25 alipokwenda kukaa mwenyewe katikati ya kamera zote za dunia. Kiwanda cha soksi unaweza kukinunua kimya kimya. Timu ya mpira yenye mashabiki wanaolia machozi ya kweli, unaifichia wapi?

Mwanzoni walimpenda. Tajiri gani anavaa jezi na kwenda kukaa na mashabiki wa kawaida, wakipiga kelele pamoja? Mwezi Agosti 2008, Newcastle wakicheza na Arsenal pale Emirates, alipigwa picha jukwaani akiteremsha glasi kubwa kwa mkupuo. Wapo waliocheka wakasema huyu ni mwenzetu. Wiki haikuisha, kocha Kevin Keegan, ambaye pale Newcastle anapendwa kupita kiasi, akabwaga manyanga akilalamika kwamba wachezaji wanaletwa bila ridhaa yake. Picha ya glasi ikabadilika maana. Ile ile iliyosema mwenzetu, sasa ikasema mlevi anachezea timu yetu. Mwaka 2009 timu ikashuka daraja, na mwaka huo huo jopo la usuluhishi likaamua Keegan alikuwa na haki, alipwe pauni milioni 2.

Kosa lililowauma zaidi lilikuja mwaka 2011. Newcastle wanacheza St James' Park tangu mwaka 1892. Ashley akaubadilisha uwanja jina, ukaitwa Sports Direct Arena. Hebu fikiria uamke asubuhi ukute pale Jangwani au Msimbazi pamebandikwa jina la duka la mtu. Nani angelala mjini siku hiyo? Jina la zamani lilirudi mwaka 2012, tena lilirudishwa na wadhamini wapya, kampuni ya kukopesha fedha kwa riba ya kutisha. Yaani shabiki wa Newcastle alijikuta anawashukuru wakopeshaji kwa kumrudishia heshima yake.

Tuwe wakweli, jamaa hakuwa mwizi wa timu. Aliikopesha klabu zaidi ya pauni milioni 100 bila riba, na msimu wa 2011/12 walimaliza nafasi ya tano. Lakini mabango ya matangazo ya duka lake yalizunguka uwanja mzima, na miaka ilivyokwenda shabiki alijiona kama anaingia dukani, haingii mpirani. Mwaka 2016 wakashuka tena.

Na mwaka huo wa 2016 ndio ulionifanya niandike haya yote. Kuna mji mdogo unaitwa Shirebrook, kati ya England. Zamani ulikuwa wa mgodi wa makaa ya mawe. Mgodi ulifungwa mwaka 1993, na baadaye mahali pale Sports Direct wakajenga ghala lao kuu. Maelfu walifanya kazi humo, wengi wao vibarua walioletwa na mawakala, na wengi wakiwa wageni kutoka Ulaya ya Mashariki. Mwishoni mwa mwaka 2015 waandishi wa gazeti la The Guardian walijiingiza humo kama vibarua, wakachapa walichokiona.

Walieleza kuwa kibarua akimaliza zamu anapanga foleni asachiwe asije akatoka na soksi, na muda huo wa foleni halipwi. Ukiujumlisha, mshahara unaangukia chini ya kima cha chini cha sheria. Walieleza habari ya alama za makosa: ukizungumza sana unapata alama, ukikaa sana chooni unapata alama, ukifikisha sita umekwisha. Baadaye Kamati ya Bunge ikaelezwa hata habari ya mama aliyejifungulia chooni hapo hapo kazini. Mtu anaogopa kukosa zamu mpaka uchungu wa uzazi unamkuta kwenye ghala la raba! Mimi hapo nilipumzika kusoma.

Bunge likamwita. Akagoma. Wabunge wakatishia kumhesabu amelidharau Bunge, ndipo akafika mwezi Juni 2016. Akakiri kwamba wafanyakazi walikuwa wanapunjwa, na akakubali kampuni imekuwa kubwa kuliko uwezo wake wa kuiendesha peke yake. Wafanyakazi wakaja kulipwa malimbikizo ya kama pauni milioni moja.

Halafu Septemba akaamua kuonyesha kwamba hana la kuficha. Akawaalika waandishi waje Shirebrook, wapite ghalani, yeye mwenyewe akakubali kusachiwa mbele ya kamera kama kibarua yeyote. Akaambiwa atoe vilivyomo mfukoni. Mkono ukazama, ukaibuka na bulungutu la noti za pauni 50.

Msomaji wangu, wewe unaijua noma, lakini hiyo ilikuwa noma yenye picha. Dunia nzima iliiona. Mtu aliyekuja kuthibitisha kwamba yeye ni sawa na kibarua, alisimama pale ameshika kitita ambacho kibarua angekihangaikia kwa wiki kadhaa. Sidhani kama alikuwa na nia mbaya. Wanaomjua wanasema hutembea na fedha taslimu. Ila nasema hivi: hakuna mwandishi aliyemtia noti zile mfukoni.

Mwaka uliofuata alifikishwa mahakamani na mshauri wa fedha aliyedai kuwa siku moja baa, London, Ashley alimwahidi pauni milioni 15 kama bei ya hisa itapanda kufikia pauni 8. Jaji alimpa Ashley ushindi, akisema hakuna mwenye akili timamu ambaye angechukulia maneno ya baa yale kuwa mkataba. Kisheria alishinda. Lakini kwa siku kadhaa nchi nzima ilisoma habari za bia zake glasi kwa glasi. Kushinda kesi na kushinda habari ni mambo mawili.

Kuja mwezi Machi 2020, korona imeingia, serikali imetangaza maduka yafungwe isipokuwa ya vitu vya lazima. Sports Direct wakadai nao ni wa lazima, eti watu watafanyia mazoezi nyumbani. Kelele zilizopigwa hazikuwa za kawaida. Siku chache baadaye mtu asiyesema na magazeti akaandika barua ya wazi kuomba radhi. Unaona mwenzangu? Bomba alilolifunga mwaka 1982 sasa lilikuwa linavuja kila kona.

Oktoba 2021 akaiuza Newcastle kwa pauni milioni 305, mnunuzi mkubwa akiwa mfuko wa uwekezaji wa Saudi Arabia. Watetezi wa haki za binadamu walipinga sana, na walikuwa na hoja zao. Mashabiki wao walisherehekea. Mwaka 2022 Ashley akang'atuka kwenye bodi ya kampuni yake, ambayo siku hizi inaitwa Frasers Group, akamwachia kazi mkwewe, ingawa aliendelea kuwa na hisa nyingi kuliko wote. Machi 2025 Newcastle wakaifunga Liverpool 2-1 na kutwaa Kombe la Ligi, taji lao la kwanza kubwa la nyumbani tangu mwaka 1955. Katika miaka 14 yake hawakupata hata moja la namna hiyo.

Lakini kabla ya kombe lilitokea jambo ambalo wengi hawakulitilia maanani, na mimi ndilo ninalolipenda kuliko yote. Mwaka 2024 Newcastle walianza mkataba mpya na Adidas, wakaamua jezi zao za msimu mpya ziuzwe kwenye duka la klabu, kwa Adidas wenyewe na kwa JD Sports tu. Sports Direct hawakupewa hata moja. Kampuni ya Ashley ikakimbilia baraza la ushindani wa biashara kuomba amri, ikakataliwa. Ikakata rufani, ikakataliwa tena. Yule aliyezibandika jezi za watu bei ya chini, aliyewataja wakubwa serikalini kwa ajili ya jezi, aliyeinunua timu nzima na jezi zake, akanyimwa jezi ya timu hiyo hiyo.

Sasa nirudi kwa kijana wangu wa Kariakoo. Ukimsikiliza sana atakuambia Ashley alikosea hapa: angekuwa na msemaji mzuri, angetabasamu kwenye picha, angegawa jezi kwa watoto yatima kila Krismasi, yasingemkuta. Mimi sikubali. Bei zake zilikuwa nzuri, akili ya biashara alikuwa nayo kuliko sisi wote kijiweni, na kesi kadhaa alishinda. Msemaji angempunguzia aibu ya wiki mbili. Foleni ya kusachiwa isiyolipwa angeifanyaje?

Pitia habari zake zote kubwa uone zilitoka kwa nani. Zilitoka kwa vibarua wa Shirebrook, kwa mashabiki waliokuta jina la uwanja wao limeng'olewa, kwa wauza duka walioambiwa waje kazini wakati wa ugonjwa. Wote ni watu wadogo. Yeye aligoma kuuza sura, basi wao wakamuuzia, tena kwa bei waliyopanga wao.

Kwa hiyo, kijana, ukitaka piga picha zako, sina kinyongo. Ukitaka kujificha, jifiche pia. Ila yule dogo anayekushushia mabelo kwenye gari saa kumi alfajiri, unamlipa lini? Ule muda unaomsimamisha kumkagua mifuko, unauhesabu? Maana magazeti yakija siku moja kuuliza wewe ni mtu wa namna gani, wewe hawatakuuliza. Watamfuata yeye, na atajibu.

Haya, nimesengenya vya kutosha kwa wiki moja. Tukijaaliwa tukutane tena Ijumaa ijayo, na ukipita Karume ukakuta Karrimor safi ya namba 42, niwekee.